Silikoni ya zamani bafuni: majibu kwa mlioniuliza

Silikoni ya pembeni ya bathtabu, ule mpira wa kuziba maji, imekuwa nyeusi, nimesugua na jiki wapi, naweza kupaka nyingine juu yake?

Hapana mkuu. Silikoni mpya haishiki juu ya ile ya zamani, itakaa siku mbili tatu alafu utaibandua kwa kucha. Na huo ukungu umeshaingia ndani, jiki inaishia juu juu. Toa yote.

Sasa nitaitoaje bila kuchubua vitu?

Chukua kisu cha wembe, kile cha kusukuma, kilaze karibu kigusane na taili, kata mstari juu pale silikoni inaposhikana na taili na mwingine chini inaposhikana na bathtabu, usikandamize, pita polepole. Ukifika kwenye kona inua ncha na plaizi uvute taratibu, ikiwa na bahati inatoka ndefu kama tambi, ikikatikakatika ipashe kidogo na draya ya nywele inaachia vizuri zaidi. Kama bathtabu ni ya plastiki weka kisu pembeni, kwangua na kadi ya benki iliyoisha muda.

Kazi yenyewe lakini ni ule utando unaobaki, hauonekani na ndo unaowaangusha mafundi wengi. Nyunyiza maji pale: penye silikoni maji yanajikusanya matone, taili safi maji yanatandaa. Pakikauka pitisha kidole, pakikwamakwama kama raba basi rudia kukwangua, malizia na kitambaa chenye spiriti.

Fundi wangu anasema thina inatosha.

Thina haiyeyushi silikoni iliyokauka, inailegeza tu kidogo. Na kwenye bathtabu ya plastiki thina au asetoni inakula mng'ao, haurudi huo.

Nimeambiwa nichanganye siki na jiki.

Usithubutu dada! Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi kidirisha chenyewe ni kama cha kuchungulia. Nadhani watu wanachanganywa na ile harufu ya siki silikoni nyingi zinayotoa zikiwa zinakauka, wanaona basi siki ndo dawa yake, siki haiitoi. Ila harufu hiyo ni asidi kweli, kwa hiyo kama sinki lako limezungukwa na marumaru ya mawe au terazo muulize wa hadiwea silikoni isiyo na asidi.

Nikipaka rangi juu tu?

Rangi haishiki kwenye silikoni.

Nikishatoa napaka mpya saa ngapi?

Pakikauka kabisa, mimi napaacha usiku mzima maana maji yanajificha kwenye ule ufa kati ya taili na bathtabu. Na kabla ya kupaka jaza bathtabu maji, uzito unaishusha na ufa unafunguka mpaka mwisho, upake hivohivo na maji yakiwemo, uyafungulie kesho yake kama masaa 24 hivi. Ukipaka ikiwa tupu, siku ya kwanza mtu akiingia kuoga inaachana na taili.