Muulize Diwani: Ghorofa la Jirani, Spika za Kesha na Uwanja Uliozungushiwa Mabati

Diwani wa zamani wa Eastlands, Nairobi, aliyehudumu enzi ya Baraza la Jiji, anajibu barua zenu kuhusu ujenzi, barabara na ujirani.

Mheshimiwa, naishi Buru Buru katika nyumba aliyotuachia baba. Jirani amebomoa yake na sasa yuko ghorofa ya tano. Jikoni kwangu jua halifiki tena, na mafundi wananitazama nikianika nguo. Tangu mwezi jana majitaka yanafurika mbele ya geti langu. Nilimwendea diwani wetu, akaniambia ujenzi si kazi yake. Mimi nina vyumba viwili tu vya kupangisha pale nyuma, sijamsumbua mtu. Nifanyeje? – Mama Wawili, Buru Buru

Pole sana, mama. Nianze na hivyo vyumba viwili, kwa sababu wakili wa jirani ataanzia hapo hapo. Vina kibali? Kama havina, anza kuvitafutia leo, kabla hujaandika barua yoyote.

Buru Buru ilijengwa kwa awamu kati ya 1973 na 1983, nyumba moja familia moja, na mabomba ya majitaka yakapimwa kwa hesabu hiyo. Umoja nayo ilianza vivyo hivyo miaka ya 1970, nyumba ndogo za familia. Pita leo uone kama utaiona hata moja katikati ya fleti. Mimi si adui wa ghorofa. Watu wa Nairobi lazima walale mahali, na wengi wao hawana pesa za kununua kiwanja Kitengela. Kinachonikera ni jengo kupanda huku bomba likiwa lile lile la zamani, halafu gharama ya kuzibua inamwangukia anayeishi chini.

Sasa kazi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka mtu anayebadilisha matumizi ya kiwanja atangaze nia yake, gazetini na pale pale kwenye kiwanja. Matangazo hayo kwa kawaida huwapa majirani siku 14 za kuandika pingamizi. Ndiyo yale makaratasi yanayobandikwa getini, mvua inanyesha, mbuzi anatafuna, na sisi tunapita tukidhani ni tangazo la mganga. Waulize majirani kama kuna aliyeliona au kulipiga picha.

Kisha nenda City Hall, idara ya mipango, na namba ya kiwanja mkononi, uulize kama kuna kibali na ni cha orofa ngapi. Usiende peke yako. Nendeni watano, na mmoja awe mtu asiyepandwa na hasira haraka. Majibu yatakuwa moja kati ya haya: hakuna kibali kabisa, kipo lakini cha orofa tatu, au kipo na kinaruhusu yote anayoyajenga. Kama hakipo, au amekipita, andikeni mkidai notisi ya kusimamisha ujenzi. Kujenga bila kibali ni kosa lenye faini ya hadi Sh500,000, na kifungo pia kinawezekana. Kama kibali ni halali na mnaona kilitolewa vibaya, rufaa inakwenda kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe. Msiporidhika hapo, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku zikipita mnapiga domo kwenye kikundi cha WhatsApp, mtakuwa mmempa jirani zawadi.

Katika barua, jua la jikoni liwekeni mwisho. Anzeni na majitaka, na picha zenye tarehe. Ulizeni pia uimara wa jengo: kuna mhandisi aliyesajiliwa? Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi imesajili mradi? Mwezi Aprili 2016 jengo la orofa liliporomoka mtaa wa Huruma usiku wa mvua, kando ya mto, na zaidi ya watu 40 wakafa. Afisa anayesoma neno Huruma katika barua hataiweka chini ya faili nyingine.

Upande mmoja wa nyumba yetu kuna baa, upande wa pili kanisa la mabati. Ijumaa ni baa, Jumamosi ni kesha. Nani anafaa kuzima? – Mwanafunzi, Kayole

Mchungaji na mwenye baa hununua spika duka moja, kijana wangu. Kanuni za kelele za 2009 zinawabana wote wawili, na kumsifu Mungu hakumpi mtu ruhusa ya kukiuka kipimo. Anza kwa kumwona mchungaji mchana, kwa heshima, ukiwa na mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi. Mara nyingi spika hugeuzwa tu zikatazama ndani. Mwenye baa ana leseni ya kufanya upya, kwa hivyo malalamiko yako yaandike na uyapeleke kwa wanaotoa leseni kabla hawajampa nyingine.

Diwani tuliyemchagua aliahidi kukarabati barabara yetu. Miaka miwili sasa, matope tu. Je, tumfukuze? – Dereva wa boda, Mwiki

Kumfukuza ni haki yenu siku ya kura. Lakini fahamu alichokuahidi: diwani wa sasa hana greda. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inamkataza kabisa kujiingiza katika utekelezaji. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuwachunguza wanaotekeleza, na kuwasikiliza ninyi. Enzi yetu mipaka hiyo ilikuwa na ukungu, ndiyo maana watu bado wanatuita kama mafundi.

Kwanza jua barabara ni ya nani. Nyingine ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, nyingine za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na vichochoro vingi ni vya kaunti. Kama ni ya kaunti, kumbuka kwamba makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukipiga kelele Novemba, unalilia pesa zilizokwisha gawanywa. Vikao vya maoni ya umma nimevihudhuria vingi, na mara nyingi wanaojaza viti ni wale waliosikia kuna nauli na soda. Nyinyi wa boda mko kila pembe ya wadi na mnajua kila shimo. Mkiingia mkiwa na orodha moja ya barabara tatu, kwa mpangilio wa umuhimu, mtasikilizwa kuliko mkija hamsini na madai hamsini. Watu wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani walifanya kazi ya namna hiyo baada ya mitaa yao kutangazwa eneo maalum la mipango mwaka wa 2017: wakakaa vikao na kujadili barabara ipite wapi na nani atasogea.

Uwanja tunaochezea kandanda umezungushiwa mabati usiku. Wazee wanasema ulikuwa wa umma tangu zamani. – Nahodha, Dandora

Wazee ni mashahidi wazuri lakini ramani ni bora. Dandora ilipangwa kiwanja kwa kiwanja katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia miaka ya 1970, na mipango ya aina hiyo hutenga nafasi za shule, soko na michezo. Tafuteni ramani hiyo kaunti, pamoja na upekuzi rasmi wa kiwanja katika afisi ya ardhi. Msing'oe mabati. Mkiyang'oa, kesi itageuka kuwa ya uharibifu wa mali na washtakiwa mtakuwa nyinyi. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipopinga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, silaha yake kubwa ilikuwa barua: kwa maafisa wa serikali, kwa mashirika ya nje, kwa kila aliyekuwa na masikio. Jumba halikujengwa.

Nanyi mna haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Lielekezwe kwa karani wa bunge, likiwa na majina, sahihi na namba za vitambulisho, na nakala moja iende kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Diwani wenu mpeni nakala yake mkononi, mbele ya watu, na mumwombe asaini kwamba ameipokea.