Jedwali dogo, memori inaisha: foleni ya RCU idhibitiwe wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeandika moduli ya kerneli ya Linux inayotunza jedwali la miunganisho kwenye seva yetu ya mtandao. Kipima muda huondoa miunganisho iliyokwisha na kuikabidhi kwa call_rcu ifutwe baadaye, kwa utaratibu wa RCU unaoruhusu data isomwe bila kufuli na kufutwa wasomaji wakishatoka. Asubuhi ofisi zikifunguliwa, memori inapungua mpaka kerneli inaanza kuua programu, ingawa jedwali halizidi maingizo 2,000. Nimeshauriwa niongeze rcutree.blimit. Nifanye hivyo? (Msomaji, Mtumba, Dodoma)

Jibu: Ndugu yangu, usianzie hapo.

Jedwali linakuonyesha nusu tu ya mambo. Ingizo likishaondolewa halihesabiwi tena, lakini bado limekalia memori. RCU hairuhusu lifutwe mpaka kila msomaji (yaani msimbo unaosoma jedwali) aliyekuwa ndani ya rcu_read_lock, alama ya kuanza kusoma, wakati huo awe ametoka, na hata baada ya hapo kazi ya kufuta inangoja zamu yake kwenye foleni. Kwa hiyo unaweza kuwa na maingizo 2,000 yaliyo hai na mengine mengi zaidi yanayongoja kuzikwa. Kama moduli ina kmem_cache yake, yaani akiba yake ya memori ya vitu vya aina moja, fungua slabtop, programu inayoorodhesha akiba hizo, saa ya msongamano utazame idadi ya vitu vyake. Usipoliona jina lake, huenda kerneli imeiunganisha na nyingine ya ukubwa unaofanana. Washa seva kwa chaguo la kerneli la slab_nomerge, linalozuia kuunganisha huko, kisha angalia tena.

Sasa blimit. Hiki ni kikomo cha kazi zilizoiva zinazotekelezwa kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida 10, ili prosesa isishikiliwe muda mrefu. Foleni ikipita qhimark, yaani 10,000, kerneli yenyewe hukiondoa kikomo hicho, na hukirudisha foleni ikishuka chini ya qlowmark, yaani 100. Utaratibu huu uliingia mwaka 2006. Mwaka mmoja kabla, wakati toleo la 2.6.14 likiandaliwa, programu ndogo ya kufungua na kufunga faili mfululizo iliweza kugonga ukomo wa faili wa mfumo mzima, kwa sababu zilizofungwa zilikuwa bado zinangoja RCU. Foleni yako ikiwa imefurika kiasi hicho, kikomo unachotaka kukipandisha kimeshaondolewa. Na kama kuna msomaji aliyechelewa kutoka, hakuna kazi iliyoiva, hata ukiweka blimit milioni.

Dhibiti pale kazi zinapozaliwa. Anayetumia synchronize_rcu hulazimika kungoja wasomaji watoke, kwa hiyo mwendo wake unajipunguza wenyewe. call_rcu inarudi papo hapo, na mwendo wa kufuta unabaki jukumu lako.

Weka kihesabu cha atomiki, yaani kisichokosea hata prosesa kadhaa zikikibadilisha kwa pamoja: kiongeze kabla ya call_rcu, kipunguze ndani ya kazi ya kufuta, baada ya memori kuachiwa. Kisha ukomo wa jedwali uhesabu maingizo yaliyo hai *pamoja na* yanayongoja. Hapa ndipo penye dawa yenyewe. Jumla ikifika, kwa mfano, 10,000, muunganisho mpya ukataliwe au upite bila kuandikwa, kulingana na kazi ya moduli. Bila hivyo, mtu yeyote wa nje anayeweza kufungua na kufunga miunganisho kwa kasi anaweza kuiangusha seva yenu, na hilo kwangu ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la kasi.

Usiite synchronize_rcu ndani ya kipima muda. Pale hairuhusiwi kulala. Hamishia ufutaji kwenye foleni ya kazi ya kerneli: futa fungu moja, ita rcu_barrier, endelea na fungu linalofuata. Hizi mbili zinatofautiana. synchronize_rcu hungoja wasomaji watoke, rcu_barrier hungoja kazi zilizokwisha kuwekwa foleni zitekelezwe. Unapoiita, usiwe umeshika kufuli ambalo kazi ya kufuta nayo inalihitaji, maana zote mbili zitakwama. Moduli inapotolewa pia, simamisha kwanza kila kinachoweza kuita call_rcu, kisha rcu_barrier, la sivyo kerneli itarukia msimbo ambao haupo tena.

Kabla ya yote, pitia dmesg, yaani ujumbe wa kerneli. Ukikuta RCU inalalamika kwamba prosesa fulani imekwama (kwa kawaida baada ya sekunde 21), kuna msomaji asiyetoka. Anza na huyo, na ukishindwa kumtambua nitumie mistari hiyo pamoja na sehemu ya msimbo inayosoma jedwali.