Simama kwenye nodi, uiache mishale

Mwaka wa kwanza chuoni nilipata sifuri kwenye swali la saketi ambalo hesabu yake niliijua. Nilikuwa nimechora mishale ya mkondo kila mahali, huu kulia, ule kushoto, kadiri nilivyohisi umeme unakwenda. Nilipofika katikati ya milinganyo sikukumbuka tena mshale upi ulielekea wapi. Mwalimu aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: "Alama!" Nilidhani anazungumzia maksi. Kumbe ni kujumlisha na kutoa.

Tangu siku hiyo sibahatishi mwelekeo. Nasimama kwenye nodi, pale waya zinapokutana, nachukulia kwamba kila mkondo unatoka hapo nilipo, basi. Volti ya hapa, toa volti ya jirani, gawanya kwa rezista (kizuizi cha mkondo) iliyo kati yetu. Nikishajumlisha zote, jibu ni sifuri. Mkondo ambao kwa kweli unaingia utakuja wenyewe na alama ya hasi, huna haja ya kuuotea. Sheria yenyewe ni ya Gustav Kirchhoff, aliyeitoa mwaka 1845 angali mwanafunzi kule Königsberg.

Kabla ya kuandika chochote, chukua penseli za rangi. Nodi si nukta. Waya wote usiokatizwa na rezista wala betri ni nodi moja, hata ukizunguka karatasi nzima. Upake rangi moja. Wanafunzi ninaowasaidia siku hizi wengi huona nodi nane palipo na tano, na shida yao yote inaanzia hapo. Kisha chagua ile yenye waya nyingi kuliko zote, uiite sifuri: volti za nodi nyingine zote unazihesabu kutoka hapo.

Saketi niliyojifunzia ni hii. Betri ya gari, volti 12, inapita rezista ya kilo-omu 2 (omu elfu mbili) hadi nodi A. Betri tatu za tochi zilizofuatana, volti 4.5, zinapita kilo-omu 2 hadi nodi B. Kati ya A na B kuna kilo-omu 4, na kutoka kila moja kwenda sifuri kuna kilo-omu 4 nyingine. Hasi za betri zote ziko kwenye sifuri.

Herufi A na B hapa ni volti za nodi hizo. Kwenye A:
(A − 12)/2 + A/4 + (A − B)/4 = 0

Kwenye B:
(B − 4.5)/2 + B/4 + (B − A)/4 = 0

Zidisha kila mstari kwa 4 uondoe sehemu: 4A − B = 24, na 4B − A = 9. A ni volti 7, B ni volti 4. Kwa njia ya vitanzi, ile ya kuandika mlinganyo kwa kila mzunguko wa saketi, ungekuwa na milinganyo mitatu hapa. Huku ni miwili tu, kwa sababu volti za upande wa chanya wa kila betri tayari unazijua. Betri ikikaa katikati ya A na B bila rezista, mkondo wake huwezi kuuandika hivi. Zifunge nodi hizo mbili pamoja kama moja, jumlisha mikondo inayotoka kwenye fungu zima, halafu ongeza mlinganyo wa tofauti ya volti zao.

Usiondoke bila kuhakiki. Volti ukizigawanya kwa kilo-omu unapata miliampea. Kutoka betri ya gari inaingia miliampea 2.5, kutoka A inashuka 1.75 kwenda sifuri na 0.75 kwenda B. Imetimia.

Mimi sikuridhika na karatasi, nikaiunga. Kilo-omu 4 dukani sikuipata, nikafuatanisha mbili za kilo-omu 2, zile za pete nyekundu, nyeusi, nyekundu. Mita ikasoma 7.3 kwenye A. Nilikagua waya zote, nikabadilisha rezista, nikailaumu mita. Karibu saa nzima ilipita ndipo nikapima betri zenyewe. Za tochi zilikuwa 4.5 kamili, lakini ile ya gari ilikuwa imetoka kuchajiwa: 12.6.

Nikarudi kwenye mlinganyo wa A, nikafuta 24 nikaandika 25.2. A ikatoka 7.32.