Kabla hujatoboa paa la tela la watu

Juzi nilipita Sahare, hapa Tanga, nikawakuta vijana wangu wawili juu ya karavani (tela la kulala) ya mgeni. Drili inalia, paneli mbili za sola zimelazwa kwenye nyasi, na mfukoni mwa mmoja wao inachungulia tyubu ya silikoni ya bafuni. Walikuwa wanatoboa popote mguu wa paneli ulipoangukia. Nilipowauliza kenchi ziko wapi, wakanionyesha hesabu za wati. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nawaandikia nyie wawili, pamoja na wote mnaoanza kufunga sola kwenye matela, maana kosa hilo mimi nimeshalilipia.

1. Tafuta kenchi kwanza, drili ikae kwenye boksi lake. Bati la karavani halifiki hata milimita moja. Skrubu iliyoshika bati peke yake haijashika kitu. Gonga kwa kifundo cha kidole mpaka usikie sauti inapokuwa nzito. Pitisha sumaku taratibu: alumini haivutwi, lakini skrubu za kiwandani zilizozama kwenye mbao zinavuta, na ukizifuata zinakuchorea mstari wa kenchi. Piga chaki. Mguu ukiangukia penye uwazi, uhamishe, au laza reli ya alumini ivuke kenchi mbili.

Mwaka 2014 sikufanya hivyo. Mzee mmoja wa Chumbageni, mwalimu mstaafu, alinunua karavani kuukuu apate pa kulala shambani kwake Muheza msimu wa machungwa. Paneli mbili za wati 100, betri moja, taa nne, pa kuchajia simu. Ilikuwa Februari, na mchana nilikuwa na kazi nyingine Pongwe, kwa hiyo nikaharakisha. Miguu minne kila paneli, skrubu mbili kila mguu: matundu 16. Najua hasa ni wapi nilipokosea, kwa sababu mkono uliniambia. Skrubu ya tatu ilizunguka tu, haikukaza. Nikaijaza silikoni, ile inayonuka siki, nikailainisha kwa kidole gumba mpaka ikapendeza. Nikafanya vilevile kwa nyingine tisa. Paa sikulisugua wala kulifuta, na lilikuwa na vumbi na mafuta ya miaka. Saa nane mchana taa zikawaka, mzee akaniombea dua, nikaondoka.

Masika ikaingia. Mwezi wa Mei mzee akapiga simu: "Mwanangu, ukipata nafasi nipitie." Hakusema kuna nini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akanifungulia mlango. Harufu ikanipokea, plaiwudi mbichi na godoro lenye ukungu. Silingi ilikuwa na duara za rangi ya chai, duara ndani ya duara, kila mvua imeacha mstari wake. Nikabonyeza. Kidole kikazama, maji ya kahawia yakanitiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko. Na juu ya pale hapakuwa na tundu hata moja! Maji yaliingilia upande wa mlangoni, yakatembea juu ya kenchi karibu mita mbili, yakadondokea kitandani. Ndiyo maana ukiitwa kwenye karavani inayovuja, usianze kutafuta pale panapodondoka.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la kanga za marehemu mkewe. Zilishikana kwa ukungu, jozi na jozi. Mzee akatazama juu, akaniambia, "Lakini taa zako, mwanangu, hazijazima hata siku moja." Alisema kunipa moyo. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Nilifanya kazi siku tisa kwa gharama yangu, mimi na seremala wa Ngamiani. Tulishusha silingi yote, tukatoa kenchi mbili zilizokuwa zikimong'onyoka mkononi. Silikoni ilibanduka nzima nzima kama ganda la ndizi. Kisha nikaenda kukaa na mafundi wa majahazi, nikamwangalia mmoja akikalafati, akisukumiza pamba yenye mafuta kwenye mshono wa mbao mpaka ukakataa kupokea zaidi. Mshono haupakwi juu, unajazwa. Paa la tela ni tumbo la jahazi lililogeuzwa, na tangu siku ile nalishika hivyo.

2. Sugua kwa msasa laini, futa kwa spiriti, subiri pakauke. Chini ya mguu weka tepu ya butili (mpira laini unaonata), skrubu iingie na gundi ya poliyurethani ya kazi za boti, halafu funika kichwa chake. Silikoni ya siki hutoa asidi inapokauka na inakula bati. Utelezi wake ukibaki, gundi nyingine haishiki. Tundu la waya nalo ni tundu: weka glandi (kifuniko kinachobana waya maji yasipite), mdomo uelekee nyuma ya tela.

3. Bolti ziwe stenlesi, na washa ya nailoni baina yake na fremu ya alumini. Hewa yetu ina chumvi.

4. Acha kama sentimita 5 chini ya paneli. Joto la paneli likipita nyuzi 25, kila nyuzi moja inaondoka na karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Paneli ya wati 100 ikifika nyuzi 65 imebaki na wati 84 hivi. Ila nafasi hiyohiyo upepo wa barabarani unaingia na kuinua, kwa hiyo weka kizuizi ukingo wa mbele. Safari ya kwanza kuelekea Segera, simama Muheza ukaze bolti zote.

5. Laza paneli bapa. Tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta: Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, Desemba liko kusini, ukiinamisha upande mmoja unapoteza mwingine. Paneli bapa haijisafishi, mwenye tela aambiwe aifute.

6. Umeme mnaujua. Fyuzi karibu na betri. Betri iingie kwenye chaji kontrola kabla ya paneli, na wakati wa kufungua paneli itoke kwanza. Msiegeshe chini ya mnazi, kuti moja likitia kivuli linashusha paneli nzima.

7. Kabla ya kupokea hela, mmoja apande na ndoo amwage maji juu ya kila mguu, mwingine akae ndani na tochi nusu saa nzima.

Nyie wa Sahare, nimeongea na mgeni, haondoki mpaka Jumamosi. Kesho saa moja asubuhi tunang'oa skrubu zenu zote kumi na sita. Gundi na tepu ninazo, njooni na ngazi.