Ushirika wa ghala: lengo liandikwe kabla ya hisa

Vikundi vingi vinavyoanzisha ghala la pamoja la mahindi huku Mbeya, Iringa na Njombe huanza na swali moja: mwisho wa mwaka kila mtu atapata shilingi ngapi? Swali si baya, ila likitangulia, mambo mengine yote hupangwa kulifuata. Anzeni na jingine: Januari hadi Machi, ni nani kijijini analala njaa, na tutafanya nini asilale njaa tena? Jibu lake linapimika kwa debe, ndiyo maana tunalipendekeza.

Miezi hiyo mahindi mapya bado mabichi shambani. Ya mwaka jana yaliuzwa Julai na Agosti kulipa ada na deni la mbolea, bei ikiwa chini, na sasa yanarudi kijijini kwa bei ya juu.

Tuseme mko kaya 40. Kila kaya ilete debe tatu wakati wa mavuno. Hizo ni debe 120. Debe sita hujaza gunia la kilo 100, kwa hiyo mna magunia 20, tani mbili. Kaya ya watu watano inayokula kilo mbili kwa siku humaliza kilo 60 kwa mwezi. Ghala lenu basi linaweza kulisha kaya 11 kwa miezi mitatu. Semeni hivyo waziwazi siku ya kwanza, maana ahadi ya kulisha kijiji kizima kwa tani mbili itavunja ushirika Februari hiyohiyo.

Asiye na mahindi asifungiwe mlango. Alete siku za kazi: kupukuchua, kuanika, kupepeta. Siku ngapi ni sawa na debe moja, mkutano uamue na iandikwe kwenye masharti kabla ya msimu. Kura ibaki moja kwa kila mwanachama, aliyeleta debe tatu na aliyeleta kumi. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844, walishika kanuni hiyo, na katika malengo yao waliandika pia nyumba za wanachama na mashamba kwa wasio na kazi. Duka lilianza na bidhaa chache tu, kama unga, siagi na sukari, lakini walithubutu kuandika jamii waliyoitaka. Walisisitiza pia kuuza kwa kipimo cha haki. Kwa mkulima aliyewahi kufungiwa viazi vyake lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hilo nalo linastahili mstari wake kwenye masharti.

Ghala hukopesha: anayekopa debe mbili arudishe debe mbili na kisado kimoja, kile kopo dogo la kupimia. Kisado hicho ni cha mifuko na upotevu. Kikizidi hapo, mmegeuka wakopeshaji. Bibi anayelea wajukuu yatima apewe bila deni, kutoka fungu lililotengwa mapema, si kwa huruma ya mwenyekiti.

Sasa unyevu, ambao nao huharibu maghala. Nyanda zetu zina ukungu na baridi wakati wa mavuno, na mahindi yaliyoonekana makavu juani huingia ghalani na maji. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi hadi robo, tia kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mzigo kwenye turubai. Pimeni mzigo wa kila kaya, hata wa mtendaji. Mzigo mmoja mbichi huleta kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, isiyoondoka kwa kupika.

Tumieni mifuko ya kinga njaa: mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota mdomo, kunja, funga kila mfuko peke yake. Hewa ikibaki, dumuzi na wadudu wengine wa nafaka wanaendelea kula. Pepeta kwanza, maana kipande cha gunzi hutoboa plastiki. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Kufuli ziwe tatu, na kila funguo ikae kitongoji tofauti.

Januari bei ikipanda, mtu atasimama mkutanoni na kusema tuuze sasa, tutanunua tena baadaye. Ataeleza vizuri na watu watapiga makofi. Masharti yawe yameshajibu: hakuna kuuza kabla ya Aprili bila theluthi mbili ya wanachama wote, si ya waliohudhuria.

Aprili uzeni kilichobaki, mbakize fedha ya mifuko. Plastiki ya zamani ijazwe upepo na kubanwa: tundu dogo lizibwe kwa utepe, yenye matundu mengi msiitumie tena kwa nafaka. Mkishavuka msimu mmoja hivyo, mwoneni Afisa Ushirika wa halmashauri kuhusu usajili, mkiwa na daftari lenye hesabu ya kila debe.