Mwanangu, umeniuliza kama maisha yako yamesimama

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako ya Jumapili usiku nimeisoma nikairudia, nikaona nisikujibu kwa simu manake ukisikia sauti yangu utalia na mimi nitalia afu hatutasema kitu. Umeuliza maswali mawili. La kwanza, mbona Mungu akukatize safari ukiwa umebakisha karatasi za mwisho za mtihani wako wa uhasibu, CPA, tangu mama mdogo aanze dialisisi, kule kusafishwa damu kwa mashine, wewe ndio wa kumpeleka kila Jumanne na Ijumaa kwa vile uko Nairobi, mtihani wa mwezi wa nne umepita na wa nane nao unauona unakupita hivihivi. La pili ndilo limenichoma, ati kama unamhudumia huku moyoni unanung'unika, Mungu anaihesabu hiyo au ni kazi bure.

Kwanza kuna neno sitaki ulikubali hata likitoka kwa mchungaji. Usikubali kuambiwa Mungu ameziharibu figo za mama mdogo ili akufundishe wewe uvumilivu. Figo zimeharibiwa na sukari na presha iliyokaa miaka bila kushughulikiwa, na ndivyo zinavyoharibika za watu wengi. Mungu ninayemjua mimi hamtesi mtu mmoja ili mwingine apate somo. Hilo liweke pembeni kabisa, manake ukilibeba utamchukia Mungu na utamwangalia mama mdogo kama adhabu yako.

Kaburi la Rosina Krapf unalijua, lile la upande wa Nyali. Mumewe, yule mmisionari Krapf, hakuwa na mpango wa kukaa Mombasa. Moyo wake ulikuwa kwa watu wa kabila la Waoromo, akaanzia Ethiopia akazibiwa njia, ndio akazunguka na bahari apate kuwafikia kwa kupitia huku kwetu. Wakafika 1844, na mwezi wa saba mwaka huohuo Rosina akajifungua, homa ikamchukua, na kitoto nacho kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Na katika miezi hiyohiyo ndio alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kadhi wa hapa akimsaidia. Biblia yako ya Union Version ilikuja 1952 kwa kazi ya watu wengine wengi, lakini yeye alikuwa kati ya wa mwanzo kabisa kuyaweka Maandiko kwenye lugha yetu, na alipofika pwani hii hakuijia kazi hiyo. Mimi siwezi kusimama pale kaburini niseme Rosina alikufa ili sisi tupate Neno. Siwezi, na nikimsikia mtu anasema hivyo naumia. Ninachoweza kusema ni kwamba Mungu hakumwacha yule mwanaume pale njia ilipofungwa, na kazi iliyokuwa mbele yake siku ile ilikuwa kazi kweli, haikuwa ya kupitisha muda.

Sasa fungua Marko 5, usome polepole. Yairo amekuja kwa Yesu mbio, bintiye wa miaka 12 yuko kufani, hiyo ni emajensi, Yesu amekubali wanaenda. Katikati ya njia yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi. Amepona tayari! Yesu angeweza kuendelea na safari na hakuna ambaye angejua. Lakini akasimama, akauliza ni nani aliyenigusa, akangoja mpaka yule mama akajitokeza na hofu yake akamweleza yote, na kwa mtu aliyehangaika miaka 12 akimaliza pesa kwa matabibu hayo yote si maneno mawili. Ukweli kila nikisoma hapo mimi macho yangu yako kwa Yairo. Marko hasemi Yairo alifanya nini muda wote ule, lakini wewe unajua, manake ndiko uliko, umesimama kando unaona mwingine anahudumiwa na cha kwako kinakufa. Na kweli habari ikaja, binti amekufa, usimsumbue tena mwalimu. Yesu akamwambia, "Usiogope, amini tu." Akaenda naye mpaka nyumbani. Kumsimamia yule mama hakukuwa kumsahau Yairo, mwanangu, kwake Yesu wote wawili walikuwa safari ile moja. Na binti alipoinuka, unajua Yesu aliagiza nini? Apewe chakula. Watu wameshangaa mpaka wamechanganyikiwa, yeye anakumbuka mtoto ana njaa.

Ndio maana nilipokuja mwezi wa nne nikakuona jikoni unachemsha viazi unamwaga maji yake unachemsha tena ili potasiamu ipungue, yale madini ambayo figo zake haziwezi tena kuyatoa, nilinyamaza tu nikakuangalia. Nikakuona unampa kipande cha barafu anyonye kwa sababu kipimo cha maji alichoruhusiwa kwa siku kimeisha na kiu inamuua. Kule kliniki nikaona umebeba leso mbili, moja ya mama mdogo kwa ile baridi inayowashika wakiwa kwenye mashine, ya pili ukamfunika yule mama wa kiti cha pembeni anayekuja peke yake. Hukunieleza, na nafikiri hata hujui kwamba niliona. Yule mama hayumo kwenye mpango wa mtu yeyote. Ungekuwa darasani Ijumaa ile nani angemfunika?

Kuhusu kunung'unika. Soma Mathayo 21, wale wana wawili walioambiwa na baba yao wakafanye kazi shambani. Mmoja alisema naenda bwana, hakwenda. Mwingine alisema sitaki, baadaye akajirudi akaenda. Yesu akauliza yupi aliyefanya mapenzi ya baba, na jibu unalijua. Wewe ni yule wa sitaki aliyekwenda, unaamka saa kumi alfajiri umekasirika, unampeleka, unarudi naye. Inahesabika. Hasira mpelekee Mungu hivyohivyo ilivyo, zaburi ngapi zimeanza kwa kulalamika, usiipake sukari kwanza ndio uombe. Ila usimmwagie mama mdogo, anajua tayari kwamba anakusumbua, aliniambia na alilia.

Lakini tusichanganye huduma na kujimaliza. Musa alikuwa anawaamua watu peke yake asubuhi mpaka jioni, mkwewe Yethro akaja akamwambia wazi kwamba analofanya si jema, atachoka yeye na watu nao watachoka, agawe kazi. Sasa mimi ndio Yethro wako. Nimeongea na kaka yako na nimeongea na binamu yako wa Thika, sikuwabembeleza. Kuanzia mwezi ujao Ijumaa ni za binamu. Kaka yako atatoa nauli na hela ya hausigeli wa kukusaidia siku mbili kwa wiki, atatuma kwa M-Pesa moja kwa moja kwako, asipotuma niambie mimi usimwandame wewe. Na kina mama wa Mothers' Union wa parishi yenu wanataka kuja kumwona mgonjwa, waambie waje na zamu ya kupika, si maombi peke yake, uwaandikie kwenye karatasi vyakula asivyoruhusiwa manake wataleta ndizi na parachichi kwa upendo wamdhuru.

Zile saa nne za kwenye mashine yeye husinzia, beba kitabu. Huo wa nane uache upite, usijilaumu. Wa mwezi wa kumi na mbili naona unawezekana ukiwa na Ijumaa zako. Angalia tarehe ya mwisho ya kujiandikisha na ada ni ngapi, unitumie kabla ya Jumapili niongee na baba yako, ameshasema yeye yuko tayari.

Msalimie mama mdogo, mwambie leso yake ile ya kijani nimeipata kwenye sanduku.

Mamako