Weusi wa sigaa si ukali wake
Je, sigaa (ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa) ikiwa nyeusi ndiyo kali zaidi? Hapana, weusi wa jani la nje hauonyeshi ukali. Sigaa kali ya Honduras inapata nguvu kutoka majani ya ndani, hasa ligero, yale ya juu ya mche yanayopigwa jua kuliko mengine: mazito, yana mafuta na nikotini nyingi, na yanaungua polepole, ndiyo maana wasokotaji huyaweka katikati kabisa. Jani jeusi la nje mara nyingi limechachushwa muda mrefu zaidi tu, na huleta utamu wa kakao. Nimevuta za Danlí, mji wa Honduras, zenye jani la hudhurungi zikanitoa jasho, tumbaku ya bonde la Jamastrán la huko haina mchezo!

Ukitaka kuonja vizuri, kula kwanza. Moshi usiumeze, uzungushe mdomoni kisha utoe kidogo kwa puani, hapo ndipo pilipili manga inajitokeza. Vuta mara moja kwa dakika hivi. Ukiharakisha inapata moto na kuwa chungu. Kichwa kikianza kuzunguka, iweke chini. Ila kutomeza moshi hakukukingi na saratani ya mdomo.